Kaunta yetu ya Geiger inachanganyikiwa tukitoa hewa kwenye chemba, na Septemba inapanda na puto. Naombeni msaada

binti_wa_mbeya · Jumapili, saa 2:14 usiku

Habari za usiku wakuu, naombeni mnisome mpaka mwisho maana nimekwama kweli.

Niko mwaka wa tatu uhandisi wa umeme huku Marekani, na timu yetu ya watu watano tumepata nafasi ya kupandisha jaribio letu kwenye HASP. Kwa asiyeijua, ni jukwaa la majaribio ya wanafunzi lililoanza kuruka 2006, Louisiana State University ndo walilianzisha wakishirikiana na NASA. Puto lake si haya ya birthday, ni la futi za ujazo milioni 11, linajazwa heli pale Fort Sumner, New Mexico, linapanda mpaka kama kilomita 36 na linakaa huko huko juu masaa mengi, likiwa na maboksi ya vyuo tofauti. Sisi tuko kwenye kundi la maboksi madogo, mwisho kilo 3, na umeme tunaopewa ni volti 30 kwa nusu ampea, yaani wati 15 basi.

Jaribio letu ni kuhesabu mionzi ya kosmiki, ile inayotoka anga za mbali, toka chini mpaka juu. Mwanafizikia Victor Hess alipanda na puto mwenyewe Agosti 1912 akafika mita 5,300 akakuta mionzi inaongezeka badala ya kupungua, halafu miaka ya 1930 Regener na Pfotzer wakapeleka vipimo juu zaidi wakaona inaongezeka mpaka karibu kilomita 20 kisha inaanza kushuka. Tunataka kukiona hicho kilele kwa macho yetu, kwa kifaa tulichotengeneza wenyewe. Tumetumia tyubu ya Kirusi ya SBM-20, ndo inayonasa mionzi, ile ya chuma inayotaka volti 400, na bodi ya kupandisha volti tumeichora na kuichoma sisi wenyewe.

Sasa shida. Mezani inahesabu kama 25 kwa dakika, safi kabisa. Tumeiweka kwenye friza ya maabara masaa manne, nyuzi 40 chini ya sifuri, safi. Juzi tukaiingiza kwenye chemba ya kutoa hewa, pampu ikaanza kuvuta, presha ikashuka mpaka milibari 50 (hapa chini ni kama 1,000) na bado iko vizuri, ila ikikaribia 15 hivi namba zinaruka, 25 inakuwa 900, inakuwa 4,000, halafu kompyuta ndogo inajizima na kujiwasha yenyewe. Tukirudisha hewa inapona kama hakuna kilichotokea. Tumebadilisha chipu mara mbili, tumebadilisha na tyubu, hali ni ile ile.

Mwenzangu mmoja anasema ni joto, mwingine anasema programu. Mwezi ujao tunapeleka boksi Palestine, mji mdogo kule Texas ambako maboksi yote yanafungwa kwenye fremu moja na kuingizwa kwenye chemba kubwa ya joto, baridi na utupu, ukifeli pale hupandi. Kuna mtu humu ameshapitia hii?

---

kaskazini_kabisa · Jumapili, saa 3:40 usiku

Dada hongera kwanza, hiyo nafasi watu wanaililia.

Mi nilikuwa kwenye timu ya BEXUS nikisoma Ujerumani, ule mpango wa majaribio ya wanafunzi wa DLR, shirika la anga la Ujerumani, na Shirika la Anga la Sweden, puto linarushwa Esrange karibu na Kiruna, juu kabisa ya mzingo wa aktiki. Na wazo langu la kwanza ni joto, tena usilipuuze hata kidogo, kwasababu sisi ndo lilitumaliza. Tulikuwa tumejiandaa na baridi mpaka basi, boksi tumelizungushia povu nene pande zote, kila mtu anawaza nyuzi 60 chini ya sifuri. Puto likafika juu, dakika 50 baadae kompyuta yetu ikapita nyuzi 85 ikaanza kujipunguzia kasi, mwisho ikagoma, na data ya masaa mawili yaliyobaki hatukuipata.

Sababu yake ni rahisi ukishaambiwa. Hapa chini chipu ikipata joto hewa inalichukua na kuondoka nalo, ndo maana feni inasaidia. Kule juu hakuna hewa ya kulibeba, joto linabaki pale pale lilipozaliwa mpaka ulipe njia ya chuma. Kwahiyo chipu yoyote inayokula zaidi ya wati moja iunganishe na bamba la aluminiamu, bamba liunganishe na ukuta wa boksi, na nje pakeni rangi nyeupe maana jua la kule halichujwi na kitu. Friza haiwezi kukuonyesha tatizo hili kwasababu friza imejaa hewa.

Pima joto la bodi likiwa ndani ya chemba uone.

---

fundi_xray · Jumatatu, saa 12:25 asubuhi

Aliyetangulia amesema kweli kuhusu joto, lakini binti yangu soma tena ulichoandika mwenyewe. Inaharibika kwenye presha fulani, na inapona HAPO HAPO ukirudisha hewa. Joto haliponi hapo hapo. Chuma kikishapata moto kinachukua muda kupoa. Hiyo ni cheche.

Mimi natengeneza mashine za X-ray mwaka wa 22 huu, volti kubwa ndo kazi yangu ya kila siku, ngoja nikueleze taratibu. Hewa ni kizuizi cha umeme, na hapa chini ni kizuizi kizuri sana, nafasi ya milimita 2 kati ya waya mbili inahitaji volti 6,000 na zaidi ndo umeme uruke. Watu wanadhani ukitoa hewa umeme utashindwa kabisa kuruka. Ni kweli ukiitoa YOTE. Ila njiani kabla haijaisha kuna mahali pabaya, hewa imepungua kiasi kwamba elektroni inapata nafasi ya kukimbia na kupata nguvu, lakini bado zipo molekuli za kutosha za kugonga na kuzaa elektroni nyingine. Mjerumani mmoja anaitwa Friedrich Paschen alilipima hili mwaka 1889, akakuta kinachoamua ni presha ukizidisha na umbali, na kwa hewa ya kawaida sehemu mbaya kabisa inashuka mpaka volti 330 hivi.

Sasa piga hesabu yako. Kilomita 36 presha ni kama milibari 5. Kwa milibari 5 ile sehemu mbaya kabisa inaangukia kwenye nafasi ya milimita moja na nusu hivi. Hebu chukua rula upime kati ya kishikio cha tyubu yako na waya wa ardhi ulio karibu nae. Nina hakika utapata milimita moja, mbili au tatu. Na wewe una volti 400. Puto lako halipiti tu hapo na kushuka, linakwenda KUKAA hapo siku nzima.

Namba zako 4,000 sio mionzi, ni cheche ndogo ndogo zinahesabiwa kama mionzi. Na kompyuta inajizima kwasababu cheche inavuta umeme wa ghafla na volti inaanguka.

Ukitaka kuhakikisha usinunue chochote. Weka boksi bila mfuniko kwenye chemba, funga mapazia, zima taa zote, kaeni gizani dakika kumi macho yazoee, ndo uwashe pampu. Angalia kwenye kioo cha chemba.

---

binti_wa_mbeya · Jumatano, saa 5:02 usiku

Shikamoo mzee wangu. Nimetoka maabara sasa hivi na sijui nianzie wapi.

Tulifanya kama ulivyosema, tumeziba mpaka taa ndogo za kompyuta kwa karatasi nyeusi. Milibari 50 giza. Milibari 30 giza. Kwenye 17 tukaona kitu kama kimulimuli cha zambarau kwenye ncha ya waya ule unaoingia kwenye kishikio cha juu cha tyubu, pale tulipochoma na risasi ikabaki na kincha kidogo kama mwiba. Kinapepea, kinazima, kinawaka. Tulivyofika milibari 8 sehemu yote kuanzia kishikio mpaka kwenye skrubu ya boksi ikawa na ukungu wa zambarau, umetulia kabisa. Hakuna aliyeongea. Nimeona mchoro wa hiki kitu darasani mara ngapi sijui, lakini kukiona kinawaka kwenye bodi uliyoichoma kwa mkono wako ni kitu kingine.

Nimepima na rula, kutoka kishikio mpaka skrubu ni milimita 3.

@kaskazini_kabisa joto nalo tumepima, kipandisha volti kimefika nyuzi 71 baada ya saa moja, kwahiyo na hilo lipo kaka, tunatengeneza bamba.

Mzee tufanyeje? Tupake rangi ya kucha kama wanavyosema mtandaoni?

---

fundi_xray · Alhamisi, saa 12:10 asubuhi

Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri sana kukaa gizani, wengi wanaona uvivu.

Rangi ya kucha hapana. Ni nyembamba, ina vitundu, na kwenye kona kali inakimbia inaacha chuma wazi, na kona kali ndo mahali umeme unapenda kutokea. Fanya hivi:

Kwanza ondoa huo mwiba. Kila sehemu yenye volti 400 irudie kuchoma, risasi iwe ya mviringo kama punje ya mtama, isiwe na ncha. Miguu ya vifaa inayotokeza chini ya bodi ikate kisha iyeyushe iwe duara. Skrubu ya chuma iliyo karibu itoe weka ya plastiki, na kama nafasi inaruhusu sogeza ardhi mbali, ukipata sentimita moja kwa milibari 5 umeme unahitaji zaidi ya volti 500 kuruka, hapo unaanza kupumua.

Pili osha bodi. Ile gundi ya risasi inayobaki inavuta unyevu na kupitisha umeme. Tumia isopropanoli na mswaki, kisha iache sehemu yenye joto kidogo usiku kucha.

Tatu ndo unafunika kwa silikoni ya elektroniki. SIO ile ya madirishani yenye harufu ya siki, ile siki inakula shaba, baada ya mwezi waya umeoza. Tafuta isiyo na asidi. Funika kipandisha volti chote, vishikio vyote viwili, na waya wa juu mpaka ndani ya ganda lake.

La nne ndo linaloua watu, POVU. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki ndani ya silikoni kimebeba presha ya hapa chini. Ukiingia kwenye chemba dakika 20 unafaulu unashangilia. Lakini hewa inavuja polepole kupita kwenye silikoni, baada ya masaa matatu manne kiputo kimefika kwenye presha mbaya, na cheche inaanzia NDANI ambako huioni. Kwahiyo silikoni ukishaichanganya iweke kwenye hiyo hiyo chemba kabla haijaganda, ivute hewa, utaona inafura na kuchemka kama uji, subiri itulie, ndo umimine taratibu kutokea upande mmoja. Na jaribio lako liwe la masaa, lisiwe la dakika.

---

kaskazini_kabisa · Alhamisi, saa 4:33 asubuhi

Mzee umenifundisha kitu hapa, mi nilikuwa nimekimbilia joto.

Naongeza moja tu, kuna watu watakwambia funga kila kitu kwenye boksi lisilopitisha hewa ubaki na presha ya hapa chini. Inafanya kazi, lakini kumbuka mfuniko wa sentimita 10 kwa 10 kule juu unasukumwa kutoka ndani kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 100, na kwa kilo 3 mlizonazo ukuta wa kubeba hiyo utakula bajeti yote ya uzito. Silikoni ndo njia.

---

binti_wa_mbeya · Wiki mbili baadae, saa 1:48 usiku

Wakuu naleta mrejesho.

Mara ya kwanza tulifeli, na tulifeli vile vile alivyosema mzee. Tulivuta hewa kwenye silikoni ila tulikuwa na haraka tukaimimina kutoka juu kwa mkupuo mmoja. Saa ya kwanza namba 25, 27, 24. Saa ya pili hivyo hivyo, mwenzetu akaanza kuaga. Saa 3 na dakika kumi na kitu ikaruka 600. Tulikata silikoni kwa wembe tukakuta chini ya kapasita ya kwanza kuna shimo la ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kuta zake zimekuwa za kahawia.

Tukatengeneza bodi mpya kabisa. Safari hii nilimimina mimi, kwa bomba la sindano bila sindano, kutokea kona moja, dakika arobaini kwa eneo ambalo halizidi kadi ya simu tatu. Tumekaa nayo kwenye milibari 5 masaa kumi na mbili tukipokezana usiku. Haikuruka hata mara moja. Kipandisha volti kimeishia nyuzi 48 kwa lile bamba la aluminiamu.

Jumatatu tunaelekea Texas. Asanteni sana, kwa kweli sina neno.

---

Mwl_Sumbawanga · Wiki mbili baadae, saa 3:20 usiku

Nimefuata uzi huu tangu siku ya kwanza kimya kimya, hongera sana mwanangu.

Nina swali kwenu wote. Nafundisha fizikia sekondari huku Rukwa, nina klabu ya wanafunzi 18. Hapa ndipo mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham walitangaza kuna heli nyingi chini ya ardhi, watoto wanalisikia hilo neno heli kila siku na wananiuliza inafanya kazi gani zaidi ya maputo ya sherehe. Je, sisi tunaweza kurusha kitu, hata kidogo, au hii ni ya wenye NASA tu?

---

zamu_ya_usiku · Wiki mbili baadae, saa 4:55 usiku

Mwalimu hiyo mnaweza, wala sio ndoto. Niko Kenya, nimefanya kazi kituo cha hali ya hewa, kurusha maputo ndio ilikuwa kazi yetu, vituo vya dunia nzima vinafuatana na saa sita usiku na saa sita mchana za Greenwich, kwa hivyo kwetu puto la usiku linasomwa saa tisa na la mchana saa tisa alasiri. Na Nairobi kuna maputo ya kupima ozoni tangu 1998 chini ya mtandao wa SHADOZ, kwa hivyo hii kitu iko hapa nyumbani muda mrefu.

Hamhitaji puto la futi milioni 11. Puto la mpira la hali ya hewa likibeba kilo moja linapanda mita 5 kwa sekunde, saa moja na dakika 40 liko kilomita 30, mpira unatanuka mpaka unapasuka na parachuti inaleta boksi chini. Mambo ya kuangalia:

Kanuni za kimataifa zinahesabu puto kuwa jepesi kama mzigo wote hauzidi kilo 4, na kamba lazima iwe ya kukatika kwa nguvu isiyofika newton 230 ndege ikigongana nayo, usifunge kwa manila nzito. Hata likiwa jepesi, andika barua mapema kwa mamlaka ya usafiri wa anga na ungoje jibu la maandishi. Redio pia inataka kibali.

GPS nyingi za bei rahisi zinanyamaza juu ya kilomita 18. Za kampuni ya u-blox zina hali ya kurukia angani, lakini ni wewe uiwashe kwa programu. Usipoiwasha utapoteza puto likiwa zima kabisa.

Baridi ya kwetu ni kali kuliko ya huko Marekani, hii watu hawaamini. Karibu na ikweta, kilomita 16 au 17, tulikuwa tunasoma nyuzi 80 chini ya sifuri mara kwa mara. Betri za kawaida zinakufa, tumia za lithiamu ndani ya povu.

Gesi, sisi tulitumia hidrojeni kwa sababu ya bei. Kwa wanafunzi hapana, tafadhali. Sisi tulivaa nguo za pamba tupu, chupa imeunganishwa na ardhi, simu zimeachwa ofisini, na bado kila siku roho iko juu. Lipa heli.

Na upepo wa juu kwetu una tabia yake, juu ya kilomita 20 unavuma kutoka mashariki mwaka mmoja na zaidi, halafu unageuka unatoka magharibi, mzunguko mzima kama miezi 28. Tazameni utabiri wa njia ya puto kwenye tovuti ya SondeHub siku tatu mfululizo kabla, na mkiona linaelekea Ziwa Tanganyika, ahirisheni.

---

fundi_xray · Wiki mbili baadae, saa 12:05 asubuhi

Mwalimu, na sababu ya kisayansi ya kurusha huko kwenu ipo. Sumaku ya dunia inazuia mionzi ya kosmiki zaidi karibu na ikweta, Mholanzi Jacob Clay aliliona mwaka 1927 akisafiri kwa meli kati ya Java na Uholanzi, namba zilipungua alipokaribia ikweta. Sasa tyubu ya aina moja ikirushwa New Mexico na nyingine ikirushwa Rukwa, wanafunzi wako watapata kilele kifupi kuliko cha huyu binti, na watakuwa wamekipima wenyewe.

---

binti_wa_mbeya · Wiki mbili baadae, saa 9:31 alasiri

Shikamoo mwalimu. Nimesoma jibu la fundi nikiwa nafunga mizigo nikasimama.

Tunazo SBM-20 mbili za akiba na ile bodi ya kwanza tuliyoikata silikoni bado inafaa kwa mafunzo, mtoto akiona lile shimo la kahawia ataelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi. Nimeongea na wenzangu wamekubali. Desemba narudi Mbeya, nitapanda basi la Sumbawanga. Faili za mchoro wa bodi nakutumia leo usiku, na ile sehemu ya milimita 3 nimeshaipeleka mpaka 12.